Daftari Ambalo Komeo Hakulisoma

Kwa habari za majasusi hamtapata msimulizi kunizidi. Nimesoma, nimetembea, na kila silaha naitambua kwa mlio wake. Haya, kusoma niliishia darasa la saba, kutembea ni mpaka sokoni na kurudi, na mlio ninaoutambua vizuri ni wa sufuria ya jirani ikifunuliwa. Lakini macho ninayo, na ulimi Mungu hakuninyima. Kaeni vizuri.

Saa mbili na nusu asubuhi, Komeo alikuwa anakimbia.

Mbele yake alikimbia mtu mwembamba aliyevaa koti la ngozi. Walikuwa wameshakata vichochoro vitatu, na sasa wameingia kwenye kiwanja cha kupasulia mbao. Misumeno inalia. Vumbi limetanda. Wapasua mbao wamesimama na mikono kiunoni, wanangojea kuona nani ataanguka kwanza.

Komeo hakuwa kijana. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na magoti yake mawili yalikuwa yanagombana kama wake wenza.

Koti la Ngozi akaruka rundo la magogo.

Komeo hakuruka. Alizunguka.

Walikutana upande wa pili. Ngumi moja tu, chini ya ubavu wa kushoto. Koti la Ngozi akakaa kwenye vumbi la mbao taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

“Simu,” Komeo alisema.

“Sina simu, kaka yangu. Haki ya Mungu.”

Mfuko wa koti ukalia palepale.

Ilikuwa Nokia ndogo nyeusi, ya vitufe. Komeo alisoma ujumbe huku goti lake likiwa juu ya mgongo wa mwenye simu.

*Saa sita mchana, tanki. Nitatoka dakika tano kabla. Gari iwe langoni. Mtu wa Ndani.*

Aliipiga ile namba. Imezimwa. Alimfunga pingu Koti la Ngozi kwenye mguu wa meza ya msumeno, akatoa simu yake mwenyewe, ile isiyo na jina wala namba nyuma yake.

“Komeo kwa Mkwe.”

“Sema.” Mkwe ndiye aliyekuwa mkubwa wa idara yao ya ujasusi. Hakuna aliyewahi kumwona akila.

“Nimempata dereva wa genge. Watalipua tanki la gesi leo saa sita, mbele ya wageni wanaokuja kutazama kiwanda. Wana mtu kiwandani.”

“Mtu wao si tunaye? Wewe mwenyewe ulituandikia. Fundi wa tanuri. Tunamchukua saa nne.”

Komeo alikitazama kisogo cha Koti la Ngozi.

“Komeo? Upo?”

“Nipo.”

“Unapumua vibaya.”

“Nimekimbia.”

“Umezeeka. Mwisho.”

Hakuwa anapumua vibaya kwa sababu ya mbio.

Genge lenyewe lilikuwa la dizeli ya magendo. Kwa miaka sita walikuwa wanaiingiza mpakani ndani ya magari ya maji, na kila jenereta ya mji ilikuwa inakunywa mkononi mwao, hata ya hospitali. Mkubwa wao alikuwa mgeni wa nchi ya mbali mwenye suti ya kijivu, anayebadilisha pasipoti kama watu wengine wanavyobadilisha leso. Sasa kikajengwa kiwanda kinachotoa gesi ya kuendeshea jenereta kwa maganda ya karanga. Maganda! Kitu ambacho watu walikuwa wanafagia. Mtu wa Suti akaona biashara inamfia mikononi, akatafuta mtu wa kumtumia ndani.

Komeo akatumwa amtafute huyo mtu wa ndani. Akaingia kiwandani kama mkaguzi wa mizani, akapanga chumba kwa mama yake Fundi wa tanuri. Miezi minne alikula mezani pale. Mama yule alimfulia mashati, akamkaripia akichelewa, akamwita mwanangu. Naye Komeo akaona mambo: Fundi kila jioni anaandika tarakimu kwenye daftari na kulificha chini ya godoro. Fundi anatoka nje kupiga simu. Fundi anachelewa kurudi siku za Alhamisi.

Wiki moja nyuma aliingia chumbani mwa Fundi, akainua godoro, akalishika daftari. Alikuwa hajafungua hata ukurasa mmoja aliposikia kandambili za mama zinakuja. Akalirudisha.

Halafu akaandika ripoti ya kurasa tatu. Kwenye ukurasa wa pili aliandika: *Daftari nimelisoma. Ni michoro na saa za kiwanda, kwa ajili ya adui.*

Mkwe alikuwa anamharakisha. Hiyo ndiyo sababu. Siyo nzuri, lakini ndiyo hiyo.

Tangu siku ile Komeo hakula vizuri.

Saa nne kasoro dakika kumi alikuwa ameshafika kiwandani, mfukoni mna bastola ya Beretta, kifuani kalamu yenye kamera na kile kidude cha idara, kidogo kama kiberiti, kinachopiga kelele kikikutana na gesi. Mlangoni mwa chumba cha tanki, kwenye stuli yake, alikaa mama yake Fundi.

Kiwandani walimwita Mama Vibao.

Kazi yake ilikuwa ubao wenye misumari arobaini. Kila mfanyakazi ana kibao chake cha mti shingoni. Akiingia chumba cha tanki anakitundika msumarini, akitoka anakichukua. Gesi ile haina rangi, haina harufu. Inamlaza mtu akiwa bado anafikiria atakula nini mchana. Mume wa Mama Vibao alilala hivyo miaka kumi na moja iliyopita, kwenye tanuri dogo la majaribio, na wenzake wakaenda nyumbani kwa sababu hakuna aliyejua yumo. Wiki iliyofuata mjane akaja na ubao, nyundo na misumari. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

“Mpangaji,” alimwita Komeo, “umeacha uji wako wote.”

“Nilikuwa na haraka, Mama.”

“Haraka ya kupima magunia? Yanakimbia?”

Wachochezi wawili wa tanuri wakacheka. Komeo naye akacheka, akatazama saa.

Saa nne kamili Land Cruiser nyeupe iliingia.

Walishuka wanaume wanne wenye viatu vilivyong'aa. Fundi alikuwa mbele ya tanuri, jasho linamtiririka, glavu ndefu mpaka kwenye viwiko. Walimfunga pingu juu ya glavu zilezile. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu.

“Nani atashika joto?”

“Joto gani?” askari mmoja akauliza.

“La tanuri, bwana! Liko mia nane na themanini. Likizidi mia tisa mtaniita, mtanikosa.”

“Mimi nipo, Fundi, usijali,” alisema Msimamizi wa zamu. Huyu alikuwa mtu mnene, mkunjufu, mwenye mfuko wa peremende usiokwisha. Kila anayelia alipewa peremende. Akaenda kumpa Mama Vibao moja.

Mama Vibao hakuipokea. Alikuwa amesimama. Mwanawe alipopita mbele yake na pingu, mkono wake ulinyooka ukamfuta jasho kwa pindo la nguo, kama mtoto anayekwenda shule. Halafu akakaa tena kwenye stuli.

“Mama, nenda nyumbani,” Komeo alimwambia.

“Kuna watu sita ndani ya chumba cha tanki,” alisema. Sauti yake ilikuwa kavu kabisa. “Nikiondoka nani atawahesabu?”

Komeo alitaka ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, kwa kuwa ilikuwa ya saruji.

Saa nne na dakika kumi, Nokia ya Koti la Ngozi ikatetemeka mfukoni mwa Komeo.

*Wamemchukua Fundi. Vizuri sana, sasa njia nyeupe. Saa sita palepale.*

Akausoma mara ya pili. Fundi yuko kwenye Land Cruiser na mikono mgongoni. Fundi hawezi kutuma ujumbe.

Mtu wa Ndani bado alikuwa ndani.

Komeo alijibu kwa kidole gumba: *Sawa.* Akaipiga namba haraka. Imezimwa tena. Akaenda nyuma ya rundo la magunia.

“Komeo kwa Mkwe. Si yeye.”

“Nani si yeye?”

“Fundi. Mtu wao ametuma ujumbe sasa hivi. Mwachieni.”

“Anaweza kuwa na mwenzake. Daftari ulilisoma?”

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Pana kama barabara.

“Nililisoma,” Komeo alisema. “Harakaharaka.”

“Una uhakika na ulichokisoma?”

“Nina… ndiyo.”

“Basi ni yeye. Mtafute huyo mwenzake. Na wageni wasishtushwe, adui akishtuka atatoroka na kurudi kesho. Mwisho.”

Komeo alibaki anaitazama simu. Alikuwa amemfunga mtu kwa uongo, na sasa ametia kufuli ya pili.

Alizunguka kiwanda kizima. Alikagua tanki kwa macho kutoka mlangoni, akakagua mabomba. Alichungulia chini ya ngazi na nyuma ya mashine ya kusukuma hewa. Hakuna waya, hakuna mzigo. Ina maana mtu huyo ataweka vitu vyake dakika za mwisho. Na kila alipozunguka alipita mbele ya tanuri, na pale, juu ya gunia la maganda, lilikuwa daftari la Fundi na penseli juu yake. Kwa kuwa Komeo alishaandika kwamba amelisoma, hakuna aliyehangaika kulichukua.

Mara ya kwanza alilipita. Mara ya pili akageuza uso. Kulifungua ilikuwa sawa na kukiri, hata kama hakuna anayemwona.

Saa tano na dakika thelathini na tano alilifungua.

Ni tarakimu za joto. Kurasa na kurasa za joto, kwa mwandiko wa mtoto wa shule mtiifu.

*Jumanne. Koki ya hewa ukaa wazi, joto 880, linashuka vizuri. Gesi nzuri, moto wa bluu.*

*Alhamisi. Ukaa wazi, joto limepanda 910. Haiwezekani. Hewa inatoka wapi?*

*Nimemuuliza Msimamizi. Anasema kipimo kibovu. Nimempigia simu muuza vipimo. Nimebadilisha. Kipimo kizima.*

*Alhamisi tena. Nimebaki baada ya zamu kutazama. Joto 905. Zamu ya Msimamizi. Sitaki kumsingizia mtu. Nisubiri niwe na hakika.*

Komeo aliisoma sentensi hiyo ya mwisho, na masikio yake yakawaka moto kuliko tanuri. Huyu alikuwa na ushahidi wa majuma matano na bado hakutaka kumsingizia mtu.

Pembeni, kwa herufi ndogo: *Mpangaji hali vizuri. Nimuulize ana shida gani.*

Akalifunga daftari.

Mambo ya tanuri alishaelezwa mezani, siku ya kwanza kabisa. Fundi alikuwa akieleza huku anapunga kijiko. “Hewa ukaa, kaka, ni hewa iliyochoka. Ndiyo unayoitoa puani. Ndiyo tunayoivuta kutoka tanuri la chokaa la majirani. Haiwaki, haina kazi. Lakini ipitishe juu ya makaa mekundu ya maganda, inachukua kaa jingine mle, inageuka gesi inayowaka. Ila ni mlafi! Inakula joto. Ukiifungulia tu, tanuri linapoa, mpaka ulipulizie hewa ya kawaida lipate nguvu tena.”

“Kama wajomba zako,” Mama Vibao alisema siku ile. “Wakiingia tu, chungu kinapoa.”

Kwa hiyo ukaa ikiwa wazi na joto linapanda, kuna mtu amefungua hewa. Na hewa ya kawaida ikichanganyika na gesi kwenye tanki, hiyo si gesi tena. Hilo ni bomu. Msimamizi alikuwa akifanya mazoezi kila Alhamisi.

Saa tano na dakika hamsini.

Msimamizi alikuwa peke yake mbele ya tanuri, anafuta mikono kwa tambara. Nje wageni walikuwa wanakaa kwenye viti vya plastiki. Mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti: moja, mbili, moja, mbili.

“Mkaguzi!” Msimamizi alitabasamu. “Mizani yako haiko huku. Peremende?”

“Joto linapanda.”

“Aa, hiyo ni ukaa. Nimeifungulia kidogo, wageni waone gesi nyingi. Ukaa ndiyo inayochochea moto.”

Sindano ya kipimo ilikuwa kwenye mia tisa na saba. Ikasogea. Mia tisa na kumi.

“Ukaa inachochea?”

“Mambo ya kitaalamu hayo, mzee. Wewe pima magunia.”

“Ukaa inakula joto,” Komeo alisema. “Hata mwenye stuli pale mlangoni anajua.”

Tabasamu la Msimamizi lilibaki mahali pake, lakini macho yaliondoka.

Halafu mwili mzima ukaondoka. Alimrushia Komeo tambara na peremende zote usoni, akakimbia kuelekea langoni. Kwa unene wake, alikimbia vizuri ajabu.

Beretta ikatoka. Mgongo mpana kama mlango, hatua kumi na tano. Hata mimi ningempata.

Lakini mtu anayekimbia kutoka kwenye tanki amekwisha maliza kazi yake.

Komeo aligeuka akakimbilia upande wa pili, simu sikioni.

“Mkwe! Gari langoni! Mnene, shati la bluu!”

“Liko kona. Mwenzake Fundi?”

“Gari, Mkwe! Mwisho!”

Mlangoni mwa tanki, mkono mkavu wenye mishipa ulimzuia kifuani.

“Kibao.”

“Mama, hakuna muda…”

“Kibao!”

“Sina kibao!” Na kweli hakuwa nacho. Miezi minne alikuwa amekwepa kuchukua, maana jasusi haachi alama popote aendapo. Hiyo ndiyo kazi aliyofundishwa. “Watu wako wametoka?”

“Wote wametoka, wamekwenda kwa wageni. Na wewe huingii bila kuacha kitu. Msumari mtupu hauhesabiwi.”

Komeo alitazama mkono wake. Chumba kile risasi moja tu ingetosha kuwapeleka wote mbinguni, wageni na viti vyao vya plastiki. Akamwekea Beretta kiganjani.

Mama Vibao aliitazama. Akamtazama mkaguzi wa mizani. Halafu akaitundika ile bastola kwenye msumari wa saba, kwa kile kitundu cha kidole.

“Nahesabu mpaka mia tatu,” alisema. “Pita.”

Ndani kulikuwa kimya na baridi. Tanki lilisimama kama nyumba ya ghorofa mbili. Juu, kwenye shingo lake, mpira mweusi ulikuwa umeunganishwa na mashine ya hewa, unapumua: sss, sss. Kando yake, plagi ya pikipiki, ile inayotoa cheche, ilikuwa imekazwa kwenye tundu la kipimo. Waya mbili. Betri. Saa ya Casio imefungwa kwa utepe.

11:56.

Ngazi ya chuma. Magoti yakagombana. Akapanda hivyohivyo.

Alivuta mpira. Ukatoka, na gesi ikamfuata usoni bila harufu yoyote. Kidude cha kifuani kikaanza kulia kama kifaranga aliyekanyagwa.

11:57.

Waya zilikuwa zimeingia ndani ya bomba la chuma. Hazikatiki. Utepe umezungushwa mara ishirini. Vidole vyake vilianza kuwa vya mtu mwingine.

Fikiri, mzee. Fikiri.

Hewa iliyochoka. Haiwaki.

Gurudumu la kijani lilikuwa hatua mbili kutoka pale, koki ya ukaa, ya kusafishia shingo la tanki wakati wa matengenezo. Alilishika kwa mikono miwili. Halikwenda. Akalitia bega. Likalia, likasogea robo. Akalitukana mama yake. Likasogea nusu, kisha likafunguka lote, na ukaa ikaingia shingoni kwa kishindo, inasukuma hewa na gesi mbele yake.

11:59.

Komeo alikaa kwenye ngazi. Aliona ni vizuri kupumzika kidogo. Alimwona Fundi na glavu zake. Alitaka kumwambia kitu, lakini kilikuwa kirefu.

12:00.

Tik.

Cheche iliruka mbele ya ukaa, ikakosa cha kushika, ikafa. Hakuna kingine kilichotokea. Nje, kipaza sauti kilisema: moja, mbili.

Na mlangoni Mama Vibao alikuwa amefika mia tatu.

Wachochezi wawili waliingia na vinyago vya mitungi ya hewa, wakamshusha Komeo ngazini, mmoja miguu, mmoja kwapa, wakamlaza juani. Mama Vibao aliitoa bastola msumarini, akaiweka juu ya kifua chake.

“Umetoka,” alisema. “Chukua chako.”

Langoni, wakati huohuo, Msimamizi alikuwa anaruka-ruka kwa miguu miwili, anatazama saa, anatazama barabara. Gari lake halikuja. Ikaja Land Cruiser nyeupe. Hakuuliza. Alifungua mlango mwenyewe, akajirusha kiti cha nyuma. “Twende! Twende, panalipuka!”

“Hapalipuki,” alisema mwenye viatu vinavyong'aa, na kumfunga mkanda wa usalama.

Saa tisa alasiri yule wa suti ya kijivu alikamatwa uwanja wa ndege akiwa na pasipoti nne na uso mmoja. Msimamizi alikuwa ameshamtaja, wala hakuhitaji kupewa peremende.

Hospitalini walimvalisha Komeo kinyago cha hewa mpaka saa kumi. Alipokitoa, alipiga simu.

“Komeo kwa Mkwe. Daftari sikulisoma.”

Alisikia kalamu inawekwa mezani.

“Rudia.”

“Sikulisoma. Wiki iliyopita sikulisoma. Leo asubuhi pia nilikudanganya. Nimelisoma saa sita kasoro. Fundi ndiye aliyekuwa akimfuatilia Msimamizi. Mwachieni.”

“Kwa saa sita nzima amekaa kwenye kiti cha mahojiano, Komeo.”

“Najua.”

“Anaachiwa sasa. Ripoti nitaichana. Wewe utaondoka leo, na hutamwambia mtu neno. Mwisho.”

Kwa hiyo jioni ile, jua likiwa bado liko juu ya mabati, Komeo alisimama kwenye chumba alichopanga, begi limefungwa, miwani ya jua usoni, kola imekaa sawa. Majasusi wanajua kuondoka. Hawageuki nyuma, hawaagi, na vumbi halishiki viatu vyao.

Alifika mpaka sebuleni.

“Kaa,” alisema Mama Vibao.

Akakaa.

Fundi alikuwa mezani, chai mbele yake. Mikononi alikuwa na alama za pingu, na shati limekosa vifungo viwili. Alipomwona Komeo alisimama, akamkumbatia, begi likiwa katikati yao.

“Kaka! Wachochezi wamenieleza yote. Umemwokoa mama yangu. Umeokoa tanuri langu!” Halafu akakaa, akatikisa kichwa. “Kumbe wewe ni wa usalama. Sisi tunakuletea magunia ya kupima.”

“Nilitumwa kulinda kiwanda,” Komeo alisema. “Ndiyo kazi yangu. Kulinda tu.”

“Sasa nani aliyenisingizia mimi? Maana walikuwa na makaratasi. Kurasa tatu.”

Chai ilikuwa ya moto. Komeo aliinywa hivyohivyo.

“Hiyo… hiyo aliiandika mtu wa kiwandani,” alisema. “Msimamizi mwenyewe, nadhani. Sisi tuliletewa tu. Mimi hata sikuiona.”

“Nilijua!” Fundi alipiga meza. “Nilijua ni yule! Walinisomea kila mstari. Eti natoka nje kupiga simu. Eti naandikia adui siri. Yaani walinisomea hata upuuzi, mama, eti mtuhumiwa huongea usingizini, huita ‘shuka, shuka, teremka,’ eti ni lugha ya siri! Si joto hilo? Naliambia joto lishuke!” Akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Naongea usingizini kweli, mama?”

Mama Vibao hakucheka. Alikuwa ameweka birika chini.

“Unaongea,” alisema. “Tangu una miaka mitatu.” Akageuza kichwa polepole, akamtazama mpangaji wake, yule ambaye mashati yake aliyafua yeye. “Lakini mwanangu hana mke. Na kiwandani halali. Sasa huyo Msimamizi alimsikilizia wapi?”

Fundi alikuwa bado ana kicheko mdomoni. Kikafifia kidogokidogo. Macho yake yalikwenda kwenye ukuta wa mbao kati ya vyumba viwili, chake na cha mpangaji, mbao nyembamba ambazo hata kikohozi kinapita. Halafu yakarudi.

Komeo alifungua mdomo. Alikuwa amefundishwa kwa miaka ishirini na mbili namna ya kujibu maswali.

“Vua hiyo miwani kwanza,” alisema Mama Vibao.